Mkalimani Aliyekosea Neno

Mwaka 1955 Anania alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana mke wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Alikuwa mkalimani katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Iringa. Kwao ni Rungwe, Mnyakyusa, lakini Kihehe alikuwa amejifunza akiwa karani kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, akakimudu mpaka wazee wakawa wanamuuliza ni wa ukoo gani wa Uhehe. Kutwa mdomo wake haukufungwa: tumbo la huyu, kifua cha yule, mimba ya binti fulani. Jioni akiingia chumbani kwake nyuma ya jiko la hospitali, hakubaki na neno la kwake. Wa kuzungumza naye Kinyakyusa hakuwapo. Siku moja alijaribu kujisemesha mwenyewe, akaona haya, akaacha.

Mwaka huo alikuja daktari mpya, mama wa Kijerumani mzee na mwembamba aitwaye Brandt. Kiswahili alikuwa amejifunza Tanga, Kihehe hajui. Katika ujana wake huko Ulaya alisoma kwa watu waliofundisha kwamba binadamu hajijui mwenyewe ila kwa sehemu ndogo. Aliomba chumba kimoja, viti vitatu, na wale wagonjwa ambao madaktari wenzake walikuwa wamewapima wasione kitu. Hakuwachoma sindano. Aliwaambia waseme lolote linalowajia, na zaidi ya yote ndoto zao. Wauguzi walinong'ona kwamba mama huyu amekuja kuwapokonya waganga riziki.

Siku ya kwanza, wakimsubiri mgonjwa, daktari alimuuliza Anania, "Jambo ukilisahau kwa makusudi, linakwenda wapi?"

"Linakwisha, Mama Daktari."

"Halikwishi. Linashuka chini tu, na mlangoni anawekwa mlinzi lisipande. Mlinzi akisinzia, linatoka kwa ndoto, au ulimi unateleza. Likikosa njia kabisa, linaushika mwili." Akaendelea kusema kwamba ndani ya mtu wamo kama watu watatu. Yuko mmoja anayetaka tu, kama mtoto mchanga. Yuko hakimu, mwenye sauti ya wazazi na ya mchungaji. "Na katikati yao yuko yule anayejiita mimi. Kutwa anawasuluhisha, na hapumziki."

"Maskini," Anania akasema akicheka. "Huyo naye ni mkalimani."

Daktari hakucheka. Aliita mgonjwa.

Alikuwa Severina, mke wa mkulima wa Kalenga, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea tangu mavuno, unaning'inia kama wa mtu mwingine. Mifupa mizima, mishipa mizima. Siku mbili za kwanza alizungumzia kuku na ukosefu wa mvua. Siku ya tatu alieleza kwamba alikuwa akitwanga mahindi ilipofika habari ya kifo cha mama yake. Mumewe alimkataza kwenda mazikoni, kazi ni nyingi. Naye hakujibu, aliendelea kutwanga mpaka mahindi yakaisha kinuni. Kesho yake mkono ukakataa.

"Muulize ameota nini," daktari alisema.

Severina akaeleza kwa Kihehe, taratibu. Aliota anapanda kutoka mtoni na mtungi kichwani. Ng'ambo alisimama mama yake, akimwita kwa jina lake la utotoni, naye akaendelea kwenda bila kugeuka.

Anania akatafsiri: "Anasema alitoka mtoni na mtungi. Ng'ambo kulikuwa na mgeni anamwita. Hakugeuka."

"Mgeni?" daktari aliuliza, kalamu ikasimama.

"Ndiyo. Mgeni."

Severina, ambaye Kiswahili alikuwa anakiokota sokoni, akainua uso. "Hapana, kaka," alisema kwa Kiswahili. "Mimi sikusema mgeni. Nimesema mama."

Jasho lilimshuka Anania kwapani, na huo ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Iringa inauma. Akaomba radhi, akasahihisha. Severina akaanza kulia, kilio cha mazikoni ambacho hakuwa amekilia. Anania alitafsiri maneno ya kilio kile moja baada ya jingine mpaka mwisho.

Mgonjwa alipotoka, Anania alisema, "Nisamehe, Mama Daktari. Sikukusudia."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza: hilo neno 'mgeni' limetoka wapi?"

"Sijui."

Daktari hakumsukuma. Lakini Anania alikuwa anajua. Alijua tangu pale Severina alipomsahihisha.

Mwaka 1941, huko Mufindi, alikuwa karani, ana viatu na kofia. Alasiri moja aliketi na makarani wenzake mbele ya nyumba zao wakinywa chai. Akatokea mwanamke miguu mitupu, matope hadi magotini, na kibuyu cha maziwa ya mgando kifuani. Alikuwa mama yake, Ikupa. Alikuwa ametoka Rungwe kwa miguu na kwa kudandia malori, siku tisa, kumtafuta mwana asiyeandika barua. Mwenzake mmoja aliuliza, "Anania, huyu nani?" Naye akajibu, "Mgeni tu. Mtu wa kwetu kijijini."

Mama yake hakujua Kiswahili. Lakini neno lile alilijua. Uso wake ulionyesha. Alilala jikoni usiku ule, asubuhi akaondoka. Hakurudi tena. Alipofariki baada ya miaka mitatu, Anania alisema barabara imeharibiwa na mvua, hakwenda. Tangu hapo hakuwahi kumtaja mama yake kwa yeyote, akaamini amesahau.

Mwezi wa nane aliomba likizo. Alipanda basi hadi Mbeya, akalala kwenye baraza la kanisa, kesho yake akapata lori la Tukuyu. Dada yake Atuganile alimpokea bila makelele, akamwonyesha kaburi la mama yao kando ya migomba. Walisimama.

"Alikusifu sana," Atuganile alisema. "Aliporudi kutoka kwako alituambia ulimpa kitanda chako ukalala chini. Ulimshika mkono ukamwonyesha kwa Wazungu, ukasema, huyu ndiye mama yangu. Alilirudia hilo mpaka kufa kwake."

Anania angeweza kunyamaza, jambo likapita.

"Dada, haikuwa hivyo," alisema, na akaeleza yote kwa Kinyakyusa, lugha aliyokuwa na kiu nayo miaka yote. Hakuficha hata neno.

Atuganile alisikiliza huku akiokota majani makavu juu ya kaburi. Anania alipomaliza, dada akakunja majani yale mkononi. "Mama alikusitiri miaka mitatu," alisema. "Sisi tukakaa na habari hiyo nzuri miaka kumi na minne. Na wewe umekuja kutunyang'anya." Akatangulia nyumbani. Alimpikia kaka yake, akamtandikia, lakini hakula naye.

Anania alirudi Iringa siku ya tatu. Severina alikuwa tayari anainua mkono hadi kifuani, anaweza kusonga ugali. Juu zaidi ya hapo haukwenda kamwe. Mwisho wa mwaka Daktari Brandt alirudishwa kwao, afya yake imedhoofu. Katika kuaga alimuuliza Anania kama sasa analala vizuri. "Naota," alijibu. "Zamani nilikuwa sioti ndoto yoyote."

Mwaka 1957 alihamia Mbeya, akapata kazi ya ukalimani mahakamani, kusudi awe karibu na kwao. Jumapili baada ya ibada alikuwa akipanda peke yake mteremko wa mlima Loleza, akitazama upande wa Rungwe ambako mawingu hayatoki. Kila mwezi alimwandikia Atuganile barua kwa Kinyakyusa. Ya kumi na moja ilijibiwa, kwa mwandiko wa mtoto wa shule, mistari miwili: kwamba mvua imezidi, na kwamba ng'ombe mwekundu amezaa. Anania aliisoma mara nne akiwa amesimama posta, watu wakimpita.