Kupokea kwa Mgongo

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha watoto, karibu na mpaka wa Goma, nilifika mlango haujafunguliwa. Shahada yangu ilikuwa ndani ya bahasha, endapo ingeulizwa. Haikuulizwa. Mama Devota, msimamizi wa kituo, alinitazama mgongo tu.

“Inama,” akasema.

Wanaotufuata katika kazi hii wajue tulivyoifanya. Wanawake wanaovusha viazi vya Bugeshi na maharage ya Kanama kwenda kuviuza Goma hutuachia watoto wao asubuhi. Kupokea, kwetu, si kumshika mtoto mikononi. Unampa mama mgongo, unainama, naye anamzungusha mtoto ubavuni na kumlaza mgongoni pako, kisha unafunga kitenge. Mtoto asiguse sakafu. Akiamshwa na baridi atalia, mama atarudi, na wateja wa asubuhi hawangoji.

Niliogopa kukaza kitenge mno. Nikaogopa kukilegeza mno.

“We unafikiri sana,” Mama Devota aliniambia. “Mutoto anasikia. Pumua.”

Ulipofika mwaka wa mwisho wa Mama Devota kazini, mratibu wetu alitaka aheshimiwe Siku ya Wanawake, ukumbini, asubuhi. Mama Devota alikataa.

“Bon, Bwana Mratibu, asubuhi mi niko na watoto. Nikienda, wamama watabaki nao, viazi vitauzwa na nani? Munaheshimu wanawake gani?”

Nilipendekeza sherehe isogezwe mchana, lakini wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Mwishowe Mama Devota akakubali kwenda.

Siku yenyewe mratibu alikuja na dereva kumchukua kwa gari, amevaa suti. Mimi na mwenzangu tulikuwa tayari na watoto migongoni. Akaingia Mama Keza kutoka Bugeshi, gunia lake mlangoni, binti yake amelala. Mama Devota, ndani ya umushanana, vazi letu la sherehe, alikwisha kuanza kuinama. Mratibu akatazama saa, kisha akavua koti.

“Nipe mimi.”

Mama Keza akasita. “We papa, umeshabeba mutoto?”

“Bado.”

“Inama!” Mama Devota akamwamuru. “Umesimama kama askari wa mpakani!”

Wanawake mlangoni wakaangua kicheko. Keza akahama mgongo bila kufumbua macho. Mama yake akavuka na gunia lake. Mama Devota akapanda gari.

Aliporudi, alimkuta mratibu akizunguka uani, shati limelowa jasho.

“Usimuguse,” akanong’ona. “Nikisimama anaamuka.”

Tangu mwaka ule sherehe yetu hufanyika mchana, wamama wakisharudi.

Sasa Mama Devota amestaafu, analima kwao Nyakiriba. Juzi nilimtembelea, nikamuuliza swali lililonisumbua muda mrefu: pale ukumbini, walimsifu inavyostahili?

“Walisema mengi, mwanangu. Mi sikusikia kitu. Nilikuwa nawaza kama Keza amefungwa vizuri, kama kitenge kimekaza, kama kimelegea.” Akanipiga begani, akicheka. “Ni we uliniambukiza.”