Sungura Niliyempeleka Maseno

Nilisafiri kwa sababu ya jicho la jirani yangu, Mama Awino. Jumamosi, tarehe 8 Februari, alinawa uso kwa sabuni ninayoipika nyumbani kwangu Muhoroni, na kufikia jioni jicho lake la kulia lilikuwa limevimba. Kesho yake, baada ya ibada, aliwaambia kina mama wenzetu wa kikundi kwamba sabuni yangu inachoma. Kikundi kikaamua isiuzwe tena mpaka ipimwe.

Sikukubali. Tangu mume wangu afariki, sabuni hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wangu, nami mwenyewe niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na tatu. Tangu nijue kuandika, kila kipande nakichora tarehe yake ya kupikwa. Niliwahi kusikia kwamba viwandani sabuni hupimwa kwa sungura. Basi Jumatatu, tarehe 10, nilimshika sungura wangu mmoja nikamtia povu jichoni. Hakulia. Hakutoa hata chozi. Nikasema moyoni kwamba Mama Awino ana lake jambo.

Jumanne, tarehe 11, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka na vipande vitatu vya sabuni, na sungura yule ndani ya kikapu, amefunikwa leso. Jirani anayepeleka nyanya mjini alinipa nafasi mbele ya pikapu yake. Tulipita mashamba ya miwa, kisha mpunga wa Ahero, huku kikapu kikitikisika mapajani mwangu.

“Mama, hiyo mboga yako inapumua?” akauliza.

“Si mboga. Ni shahidi wangu.”

Saa nne nilikuwa Migosi, mtaa wa Kisumu, kwa binti yangu Akinyi. Alifunua leso akashika kiuno. “Mama! Kisumu yote imejaa samaki, wewe unatuletea sungura?” Hata hivyo alimkatia sukuma wiki. Alasiri tulishuka hadi ziwani kununua samaki aina ya ngege. Mwanamke mmoja alikuwa akimwosha mtoto kando ya maji. Povu likamwingia mtoto machoni, akapiga kelele hadi ufuo mzima ukageuka, na mama yake akamsuuza haraka. Nilitazama hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Jumatano, tarehe 12, saa tatu asubuhi, nilifika kwenye maabara ndogo huko Maseno ambayo Akinyi alikuwa amenitafutia. Mlinzi alinizuia langoni.

“Mama, wanyama hawaingii.”

“Huyu haji kutembea. Anakuja kupimwa.”

Alimwita Daktari Anyango, mwanakemia wa umri wa kifungua mimba wangu. Yeye hakunicheka. Alinipa kiti, akaniambia kwa upole, “Mama, sisi hapa hatutumii sungura.”

Nilijihisi kama mtu aliyekataliwa shahidi wake barazani. Nikamwuliza, basi jicho la mtu watalijuaje?

Alinieleza kwa utaratibu. Kwanza huyeyusha sabuni katika maji na kupima ukali wake. Ukizidi mno, wanaishia hapo, kwa kuwa hakuna haja ya kumwumiza yeyote ili kujua kwamba kitu kikali kitachoma. Ukiwa wa wastani, huidondoshea kwenye kioo cha jicho la ng’ombe, lililoletwa kutoka machinjioni baada ya ng’ombe kuchinjwa kwa ajili ya nyama, na kuangalia kama mwanga bado unapenya. Kwa ngozi, zipo maabara zinazokuza tabaka la ngozi ya binadamu ndani ya visahani.

Sabuni yangu haikufika hata kwenye jicho la ng’ombe.

“Kostiki imezidi,” akasema. “Hii uliipika lini?”

Niligeuza kipande. Tarehe 27 Januari, kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya kumbukumbu ya mume wangu. Nilikuwa nikihesabu vikombe vya kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, wageni walipoingia kunipa pole. Niliwakaribisha, tukaomba pamoja, na nilipoirudia sufuria nilianza kuhesabu upya, juu ya vile nilivyokwisha kumimina.

“Lakini sungura hakulia,” nikasema, na sauti yangu haikuwa ile niliyoingia nayo.

Daktari alifunua leso, akamulika kwa tochi ndogo. Jicho lilikuwa jekundu, na katikati lilikuwa na ukungu. “Sungura hatoi machozi upesi kama sisi, Mama. Huumia akiwa kimya. Na jirani yako, yeye alinyamaza?”

“Hapana. Alisema mbele ya watu wote.”

“Basi ulikuwa umeshapata jibu.”

Alimsafisha sungura jicho, akaniandikia dawa ya kununua kwa daktari wa mifugo, kisha akanipa karatasi nyembamba ambazo, zikichovywa kwenye maji ya sabuni, hubadilika rangi kulingana na ukali wake.

Alhamisi, tarehe 13, nilirudi Muhoroni, na kabla ya kufika kwangu nilipitia kwa Mama Awino. Alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi, jicho moja bado likifumbuka nusu tu.

“Umeleta cheti?”

“Nimeleta sungura.” Nilimfunua nikamweleza yote, pamoja na vikombe.

Alimtazama sungura, sungura akamtazama. “Kumbe tumefanana,” akasema, akacheka. Kisha kicheko kikakatika. “Lakini mimi nilisema, Mama Akinyi. Nilisema na mdomo wangu.”

“Ulisema. Nami nilikwenda kumwuliza asiyeweza kusema.”

Jumapili, tarehe 16, niliyarudia maneno hayo mbele ya kikundi, nikiwa nimesimama. Tulipita nyumba kwa nyumba tukikusanya kila kipande cha tarehe 27 Januari.

Jicho la sungura lilipona taratibu, na la Mama Awino pia. Siku hizi, nikipika, mlango naufunga mpaka nimalize kuhesabu. Sabuni ikiwa tayari, namwita Mama Awino achovye karatasi na kuisoma rangi. Akisema bado, hakuna kipande kinachotoka nyumbani kwangu.