Jicho la Chaki Ukutani

Mama mkwe wangu alinishonea gauni la harusi, na tangu siku hiyo sikumwamini. Lilinikaa sawasawa bila yeye kunipima hata mara moja. Alinitazama tu mlangoni, juu mpaka chini, akasema, "Haya, nimekupata." Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu zote zilitoka kwenye cherehani yake.

Hata hivyo nilimwachia mwanangu. Ningefanyaje? Mimi nafua mashuka hospitalini tangu asubuhi mpaka saa tisa, mume wangu yuko njiani na lori, na mtoto wa miaka mitatu hajilei. Kila asubuhi nilimfikisha kwenye chumba cha ushonaji cha bibi yake, kile chenye dirisha la barabarani, nikamkuta bibi keshainama, pini mdomoni. Alimwita mjukuu wake Kishikizo, kwa vile alikuwa habanduki kwenye gauni lake.

Kwanza nilishuku mambo ya karatasi zangu. Nikimwandikia maelekezo, dawa ya kikohozi kijiko kimoja baada ya kula, aliikunja karatasi bila kuitazama akaitia kifuani. "Niambie kwa mdomo, mwanangu. Karatasi haina ulimi." Nikasema moyoni, mama huyu ananidharau.

Kisha ukaja ukuta wa jikoni kwangu. Mwanangu alikuwa akichorachora kama watoto wote, mikwaruzo isiyo na kichwa wala miguu. Mara mikwaruzo ikaanza kujifunga ikawa duara, na maduara yakaota vitu. Kila jioni alama zilezile, kwa chaki ya fundi cherehani, zimepangwa mstari mmoja: kitu chenye mdomo mkali, vijiti viwili vifupi, duara nene. Na pembeni, peke yake, jicho. Jicho kubwa lenye kope, linanitazama nikipika. Nililifuta kwa kitambaa kibichi, kesho yake likarudi.

"Unachora nini, mwanangu?"

"Sichori. Naandika nguo."

"Nani kakufundisha?"

"Bibi."

Usingizi ukanipaa.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kuchunguza. Mama mkwe alipotoka kununua uzi, mimi huyo, nikapekua kapu la nguo alizoshona. Kila nguo ilikuwa na kikaratasi kimebanwa kwa pini upande wa ndani, na kwenye vikaratasi, alama kama zile za ukutani kwangu. Chini kabisa, limefichwa, gauni la kijani. Kikaratasi chake kilikuwa na jicho.

Nikampigia mume wangu palepale. "Jumatatu mtoto anakwenda kwa mama yangu, na harudi."

Kwa mama yangu ni safari ya siku mbili. "Utamkata mama yangu maini," akasema mume wangu. "Hana kingine anachokipenda duniani."

"Hilo shauri lake."

Sijaweka hata simu chini, akaingia mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno mengi, amefuata gauni lake. Walimu watatu walikuwa wameshonewa sare, kitambaa kimoja, na mimi sikujua lipi la nani. Mwanangu akatoka chini ya meza alipokuwa akicheza. Akashika kikaratasi cha kwanza, akakitazama, akakiacha. Cha pili, vilevile. Kwenye cha tatu akaweka kidole juu ya kile kitu chenye mdomo mkali, akakisogeza taratibu mpaka mwisho wa mstari.

"Kuku. Mikono mifupi. Kiuno kikubwa. Hili lako."

"Mimi kuku?" Mwalimu akalijaribu, likamkaa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, huyu anasoma! Nina watoto wa miaka sita hawajaelewa kwamba mchoro mmoja husema jambo lilelile leo na kesho. Akishalijua hilo, herufi hazimsumbui sana. Nani kamfundisha kusoma?"

"Hapa hakuna anayejua kusoma."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, uzi mkononi. Alimjibu mwalimu, lakini macho yalikuwa kwangu. "Najichorea tu, nisichanganye nguo za watu."

Miaka minne mimi ni mkwe wake, sikujua. Mwalimu alipoondoka akaniambia kwa sauti ndogo, "Zile karatasi zako za dawa nilikuwa nampelekea muuza duka anisomee. Sikupenda ujue." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwanangu alikuwa bado kazini. Akalivuta lile gauni la kijani kutoka chini ya kapu.

"Hili la mama."

"Mama gani?"

"Wewe." Kidole kilikuwa juu ya jicho.

Mama mkwe akalichukua, akalikunjua, akaniwekea mabegani. Halikuhitaji kujaribiwa. "Nilitaka nikupe likiisha pindo," akasema. "Kila mtu namchora kwa kile ninachokiona kwake. Usikasirike, mwanangu. Wewe tangu uolewe unanichunga."

Jioni ile nilimwambia mume wangu safari haipo. Jumatatu asubuhi nilimpeleka mtoto kwa bibi yake kama kawaida, nimevaa la kijani. Kikohozi kilikuwa kimerudi. Karatasi sikuandika. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamwambia kwa mdomo: kijiko kimoja, mama, baada ya kula.