Kilo Moja Nukta Tisa

Mtaani Makole, mwanamke akishika mimba, atake asitake, Germana atamfikia. Anauza siagi ya karanga anayoisaga mwenyewe, karanga za kwao Mlali, na kila nyumba anayoingia na ndoo yake huacha kopo moja na ushauri mmoja. Kopo unalipia, ushauri ni wa bure.

"Usile sana, mwanangu. Mtoto mdogo ndiye anayetoka, atanenepea huku nje. Mimi binti yangu Violeth nilimzaa chai haijapoa."

Na kweli alimzaa hivyo. Miaka ishirini na mitatu sasa anaisimulia chai ile, na kila mwaka inazidi kuwa ya moto.

Asichosimulia ni habari za dada yake, Emilia. Emilia alikuwa mnene, mcheshi, mtu wa kula akashiba. Alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda hospitali, mtoto mkubwa amekwama. Siku ya mazishi Germana alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mwaka ule karanga zilikubali na uwele ulijaa. Nyumbani kwao hakuna aliyelala njaa ila yeye, naye alijitakia. Bibi zake walizoea kusema mjamzito apunguze ugali ili ajifungue salama. Yeye hakupunguza, karibu aliacha kabisa. Asubuhi uji nusu kikombe, jioni matonge matatu na mlenda, kisha wa kwanza kuosha mkono. Violeth akazaliwa kama kifaranga. Ndipo sasa alipomlisha: uji wa karanga, sukari vijiko vinne, samli juu yake, mpaka mashavu yakajaa na majirani wakasifu.

Leo Violeth mwenyewe ana mimba ya miezi sita. Mumewe Octavian, dereva wa serikali, yuko safarini na mabosi wake, kwa hiyo Jumanne hii aliyemsindikiza kliniki ni mama mtu.

Nesi aliitwa Zipora. Alimwamkia Germana shikamoo, akasoma majibu ya vipimo, kisha akayasoma tena.

"Dada Violeth, sukari yako iko juu. Lakini mkojo unaonyesha mwili una njaa. Unakula kweli?"

"Nakula."

"Kwenu kuna mwenye kisukari?"

Germana akawahi kujibu. "Upande wa baba yake. Babu yake, mzee Matonya, alikatwa mguu kwa ugonjwa huo." Akajiegemeza kwenye kiti. Alijisikia mwepesi kidogo, maana ugonjwa umepata ukoo, na ukoo wenyewe si wake.

"Urithi upo, mama," nesi alisema huku akiandika. "Lakini si huo peke yake. Mtoto akikosa chakula tumboni, mwili wake unajifunza kubana matumizi. Unajiandaa kuja kuishi kwenye njaa. Sasa akizaliwa akakuta vyakula tele, akanenepeshwa haraka haraka, ule mwili unashindwa kuvimudu, na ukubwani sukari inabaki kwenye damu. Si kila mtoto, na hakuna wa kukupimia kiasi gani ni urithi na kiasi gani ni tumbo. Mbegu ni ile ile, lakini udongo nao una lake. Ndiyo maana nauliza: dada, ulizaliwa na kilo ngapi?"

Violeth hakujua. Akamgeukia mama yake.

"Tatu," alisema Germana. "Kilo tatu na kitu."

Nesi akaandika tatu. Germana ni mtu wa kutia chumvi, hilo mtaa mzima unalijua, lakini kudanganya kavu kavu hakukuzoea, na alisikia masikio yakimwaka. Kadi ya kliniki ya Violeth ilikuwa nyumbani sandukuni, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya kitenge cha Emilia. Alijua kilichoandikwa pale bila kuifungua.

Walirudi kwa miguu. Nimemharibu mwanangu, Germana aliwaza, halafu nikakaa mbele ya nesi nikamsingizia marehemu mzee Matonya. Akawakumbuka na wengine: mke wa mwalimu, mpangaji wa kona, binti wa Joha ambaye mimba yake ndiyo kwanza inaonekana. Wangapi amewaachia ule ushauri? Alifika wa kumi na moja akashindwa kuendelea.

Nyumbani alipika kama nesi alivyoelekeza: ugali wa uwele wa kiasi, maharage, mlenda, kipande cha kuku. Violeth alimega tonge la kwanza, la pili, la tatu, akavuta bakuli la maji akaosha mkono.

Germana aliutazama mkono ule ukioshwa. Aliufahamu vizuri mno.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Violeth. Umeanza lini?"

Binti aliinamisha kichwa. "Tangu mimba ina miezi mitatu. Si wewe mwenyewe unayesema? Chai haijapoa. Naogopa kisu, mama. Nikasema nami nifanye kama wewe."

Germana alikwenda chumbani, akarudi na kadi, akaiweka kando ya sahani. "Soma hapo kwenye uzito."

"Moja nukta tisa." Violeth aliinua macho. "Si ulimwambia nesi tatu?"

"Nilimdanganya. Chakula kilikuwepo, mwanangu. Kilijaa ghalani. Nilikunyima wewe kwa sababu niliogopa. Mama yako mkubwa Emilia hakufa kwa homa kama walivyokuambia. Alikufa na mtoto tumboni. Nisamehe. Kesho asubuhi naipeleka kadi hii kwa Zipora, na maneno haya nitayarudia mbele yake."

Violeth hakusema amemsamehe. Aliweka mkono juu ya tumbo lake.

"Kwa hiyo mimi nimeshamfanyia huyu miezi mitatu," alisema.

Germana alilia, na hakujificha. Aliyoyafanya yeye yalikuwa yake. Haya aliyoyafanya binti nayo yalikuwa yake.

"Na nikila, akawa mkubwa, akakwama?"

"Watakupasua. Siku hizi wanapasua na watu wanapona. Nitakaa mlangoni."

Binti akaivuta sahani, akamega tonge la nne.

Kesho yake, alipotoka kliniki, Germana alipitia kwa Joha na ndoo yake. Binti wa Joha alikuwa amekaa barazani, kikombe cha uji mkononi, nusu.

"Karibu, mama Violeth," Joha alimtania. "Leo unatuachia ushauri gani?"

Germana aliitua ndoo chini.

"Leo siachi. Nimekuja kuuchukua ule wa juzi."