Binti wa Mzawa

Wagonjwa walimbandika jina la Bi Umetokawapi, na jina likamganda. Alikuwa daktari wa magonjwa ya kuambukiza. Kliniki yake, vyumba viwili vilivyobanwa nyuma ya maabara ya hospitali, ilihudumia watu waliovuka mipaka: wapagazi, yaya, wachimba mitaro, watu ambao wakisikia hodi ya nguvu hutorokea dirishani. Swali lake la kwanza ndilo waliloliogopa kuliko sindano.

"Umetoka wapi, ndugu yangu?"

"Hapahapa tu, daktari."

"Hapahapa pana malaria? Sema tu, mimi si polisi."

Mgonjwa alicheka, kisha akataja kwao. Madaktari vijana walimwona mkali kama pilipili, hasa kwa jambo moja: ole wao wampe mtu vidonge vya steroidi kabla ya kumwuliza alikotoka. Kuna minyoo myembamba mno, inayopenya nyayo za mtoto anayetembea pekupeku kwenye udongo wa nchi za joto, na inaweza kukaa tumboni miaka hamsini bila mwenyewe kujua. Steroidi hulegeza kinga ya mwili, na hapo minyoo huzaana na kupanda hadi mapafuni. Katika mji ule wa baridi haikuwapo. Ilifika ndani ya watu.

Baba yake, fundi bomba mstaafu, mtaani aliitwa Mzawa, maana hakumaliza mazungumzo bila kuwakumbusha watu kwamba kitovu chake kimezikwa nyuma ya stesheni. Wageni hakuwapenda hata chembe.

"Hao watu wako watakuletea balaa, mama," alimwambia bintiye kila alipokuja kumtazama, huku akikohoa.

Kikohozi kilipozidi na kifua kikaanza kupiga mluzi, binti alimpima mwenyewe palepale jikoni. Akasema ni pumu, akampa steroidi. Hakumwuliza kitu. Nani humwuliza baba yake alikotoka? Mganga hajigangi, walisema wahenga, na wangekuwa na huruma wangeongeza kwamba hata babaye asimguse. Mwanzoni mzee alipata nafuu, akapanda ngazi za nyumba kwa mbwembwe ili majirani wamwone. Baadaye akaanza kuharisha, homa ikapanda, akalazwa hospitalini kwa binti yake.

Fundi wa maabara alimwita daktari ashuke mwenyewe kutoka wodini.

"Haya makohozi, dada, una hakika ni ya mzee wetu?"

Daktari akainamia hadubini. Minyoo ilikuwa ikijinyonganyonga, mingi kupita aliyowahi kuiona kwa mgonjwa yeyote.

Alikaa chini sakafuni, na koti lake jeupe. Aliona aibu, halafu hasira, hasira kali kwa mzee aliyemdanganya tangu utotoni kuhusu alikozaliwa, halafu aibu tena, kwa sababu vidonge vilitoka mkononi mwake. Mzee alikuwa hoi kwa homa, na hakuwa na mwingine wa kumwuliza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe, yaani mama yake, ilikwisha kuzikwa.

Alisimamisha steroidi, akaanza dawa ya minyoo. Ila minyoo ilikuwa imebeba uchafu wa utumbo hadi kwenye damu, na daktari alijua hesabu hiyo huishia wapi. Bado alikaa kitandani kwa babaye akingoja homa ishuke. Haikushuka. Badala yake mzee alianza kusema.

Wauguzi walidhani anaweweseka. Binti alisikiliza, akagundua kwamba yale maneno yalikuwa lugha, na hakuelewa hata neno moja. Akamwita mkalimani wa kliniki, mama mmoja mpole aliyewatafsiria wagonjwa miaka mingi.

Mkalimani alisimama kando ya kitanda, akaweka mkono kifuani.

"Daktari, hii ni lugha ya kwetu."

"Mwulize anaumwa wapi."

Mkalimani akainama, akauliza. Mzee akafumbua macho. Alitabasamu kama mtu aliyepokelewa mzigo, akamwaga maneno kwa haraka, kisha akakamata mkono wa nguo ya mkalimani na kuung'ang'ania. Binti yake alikuwa hapo hapo, amevaa barakoa, na mzee hakumtambua.

"Anasema nini?"

"Daktari, tuyaache haya."

"Sema, dada yangu. Ndiyo kazi yetu."

"Anasema ana binti, daktari mkubwa hapa mjini." Mkalimani hakumtazama. "Ananisihi, kwa kuwa mimi ni mtu wa kwao, nisimwambie alikotoka baba yake. Anaogopa binti yake ataona haya."

Machozi ya daktari yaliingia ndani ya barakoa.

"Mwambie hatajua," alisema.

Mkalimani akamwambia. Mzee akaachia ile nguo, akafumba macho, na jua lilipochomoza alikuwa amekwisha kukata roho.