Siku Ambazo Mzee Abilahi Hakupima Mvua

Rosalia ni mwalimu wa kompyuta, anaishi mtaa wa Mtanda, mjini. Kwa miaka sita amekuwa akitunza programu huria, ya bure kwa kila mtu, ambayo hutafsiri Pascal, lugha ya zamani ya kuandikia programu, ili kompyuta za leo ziielewe. Aliyeianzisha alizeeka akaiacha. Rosalia aliisoma Pascal chuoni akaipenda, basi akajitolea kusaidia kwa muda. Wenzake wakapotea mmoja mmoja, akabaki peke yake na malalamiko ya watu asiowajua.

Mwaka huu alitoa toleo jipya lililomgharimu miezi minne. Kesho yake akapata ujumbe: “Mmeharibu programu yangu. Rudisheni ya zamani.” Akauliza ni kipi kilichoharibika. Akajibiwa, “Ilikuwa inafanya kazi, sasa haifanyi.” Hadi Ijumaa alikuwa amepokea jumbe tisa za namna hiyo, na wa tisa ulitaja kijiji cha Nyangamara. Alidhani anagombana na mtu wa Ulaya, kumbe yuko mkoa huu huu. Jumamosi akapanda gari kumfuata.

Alikuwa Mzee Abilahi, bwana shamba mstaafu anayepima mvua ya kijiji tangu mwaka 1998.

“Shikamoo, baba. Mimi ndiye unayemwandikia.”

“Marahaba. Uko peke yako?” Mzee alichungulia nyuma yake. “Nilidhani ni kampuni.”

“Hakuna kampuni. Ni mimi tu.”

Programu ya kujumlisha mvua aliiandika mzee mwenyewe kwa Pascal. Rosalia aliipitia na tatizo akaliona mapema. Toleo la zamani la Rosalia lilikuwa na kosa: nafasi iliyoachwa wazi lilihesabu kuwa sifuri. Kosa hilo ndilo alilokuwa ameliondoa, na sasa programu ya mzee ilikwama kila ilipokuta nafasi kama hiyo.

“Baba, hapa, Machi ya mwaka mmoja wa nyuma, kuna wiki tatu hazina kitu. Mvua haikunyesha?”

“Ilinyesha sana. Nilikuwa nimelazwa.”

“Kompyuta iliandika sifuri siku zote hizo.”

Mzee alisema polepole, “Mwaka ule nilitoa taarifa ya ukame. Nikawaambia watu waache mahindi, wapande mtama.”

Rosalia alidhani yameisha. Lakini mzee akaendelea, “Hata hivyo, mwalimu, njia ya zamani usiifute. Taarifa nilizokwisha kupeleka wilayani nitazilinganisha na nini?”

“Unataka nirudishe kosa?”

“Nataka nilione.”

Alirudi Mtanda amenuna. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mzee alikuwa amesema kweli. Jumamosi tatu zikaishia kwenye kazi hiyo: akairudisha njia ya zamani, ila itumike kwa anayeiomba tu, nayo imwonyeshe kila nafasi iliyo wazi.

Abilahi aliitumia akakuta siku sitini na moja ambazo hakupima. Akaandika barua ya masahihisho kwa wilaya, akiungama kosa kwa jina lake, na kabla ya kuipeleka akamtumia Rosalia aipitie. Rosalia aliisoma amesimama jikoni, hasira bado haijamwisha, akamjibu kwamba tarehe mbili amezikosea.