Shamba Lililofagiwa

Bwana yangu alifagia shamba. Ndiyo, kwa fagio. Wajukuu wakisikia hivyo wanadhani kichwa changu kimechoka, lakini nilisimama pale na mutoto mgongoni, nikamwona.

Ilikuwa wakati wa Wadachi. Tulikaa Rumonge, kando ya ziwa, yeye mtu wa kanzu aliyetoka Ujiji, mimi binti wa milimani, wa upande wa Bugarama, niliyekulia kwenye jembe. Kwao jani halilali uani. Mwanamke asiyefagia asubuhi ni mchafu, basi. Siku moja nyapara wa boma akapita kwenye shamba letu la mteremkoni. Akaona nyasi kavu na majani ya migomba yametandikwa juu ya udongo, maharagi yamechanganyika na mahindi, mihogo katikati. Akauliza, "Hii iko shamba ao jalala?"

Mimi nilicheka. Bwana yangu hakula siku ile kwa aibu.

Nilimweleza kwamba nyasi ni nguo ya udongo, na ukiuvua nguo jua litauchoma, mvua itaupiga. Nikamwambia tunachanganya mimea kwa sababu jua likiua mmoja, mwingine utatulisha. Akanijibu kwamba watu wa boma wamesoma vitabu. Nikasema kitabu hakijawahi kupalilia.

Tukagawana shamba. Akachoma takataka zote upande wake, akafagia, akavuta kamba toka juu mpaka chini, akapanda mahindi matupu, yamesimama foleni kama askari. Watu walikuja kutazama. Palipendeza, sikatai. Hata kaburi likifagiwa hupendeza.

Mimi nilibaki na kikapu kimoja cha mbegu za maharagi, alichonipa mama siku ya kuolewa. Alisema, "Unakwenda kwa watu wa mafagio. Kikapu hiki usinirudishie kitupu." Mbegu zile zingepotea, ningepanda mlima na mutoto mgongoni kwenda kuomba chakula, na kijiji kizima kingejua kwamba mama alisema kweli.

Mvua ikachelewa. Jua likatuchoma sote, halafu mvua ya majuma mengi ikamwagika mchana mmoja. Maji yakakuta mistari ya bwana yangu, njia safi, iliyofagiwa, yakateremka nayo, yakabeba udongo na mahindi mpaka ziwani. Ziwa likawa jekundu pale chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akanipigia kelele toka ufukoni, "Dada, bwana wako analisha ndagala! Na wewe atakulisha nini?"

Upande wangu maji yalifika kwenye nyasi yakakaa chini kama wageni. Mahindi yangu yalikuwa yamekwisha kufa kwa jua, sitadanganya. Maharagi yalipona. Mihogo haikujua hata kama kuna habari.

Siku tatu bwana hakutoka nyumbani. Ijumaa, watu walipotoka kusali na njia imejaa, nikamwona anakuja na kanzu yake nyeupe, mzigo wa nyasi kichwani, maji ya tope yakimchuruzika shingoni. Akasimama mbele yangu, sauti chini.

"Mama mutoto, uchafu wako niuweke wapi?"

"Tandika kwako," nikamwambia. "Kwangu kumeshavaa."

Maharagi yalipokomaa nilijaza kwanza kikapu cha mama, nikakifunga. Yaliyobaki nilipika. Kuni zilikuwa mbichi, hazikutaka kushika, nikawashia moto kwa lile fagio.